Jinsi ya kumpigia daktari bingwa simu saa tisa usiku

Mdogo wangu, miaka mitano ya chuo haikufundishi kupiga simu. Utajifunzia leba, wodi ya kujifungulia, zamu ya usiku, ukiwa daktari tarajali, yaani wa mafunzo kazini: bingwa yuko nyumbani kwake, na mbele yako kuna mama aliyejifungua anayetokwa damu bila kukoma.

Usimwache mgonjwa ukakimbilia simu. Ita watu kwa sauti. Wewe sugua mji wa mimba, sista achome oksitosini, dawa ya kuukaza, mwingine aweke kanula (mirija ya mshipani) mbili kubwa, atundike dripu na achukue damu ya kupima kundi. Kibofu kitolewe mkojo. Asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kutokwa damu, gramu 1 taratibu mshipani, hutolewa ndani ya saa 3 tangu kujifungua, na kila dakika inayopita inapunguza faida yake. Ndiyo maana muda wa kujifungua lazima uwe umeandikwa.

Damu usiikadirie kwa macho, kwani khanga hunywa nyingi sana. Zipime kwenye mizani, toa uzito wa khanga kavu. Gramu 1 ni karibu mililita 1. Ikizidi mililita 500 baada ya kujifungua kwa njia ya kawaida, hiyo ni dharura.

Sasa simu. Wengi wetu huanza na "samahani kwa usumbufu", kisha historia ya kliniki tangu mimba ina miezi mitatu. Bingwa ametoka usingizini. Anza na unachokitaka:

"Shikamoo dokta. Ni tarajali wa leba, naomba uje. Mama wa miaka 24, uzazi wa tatu, amejifungua saa nane na nusu. Ametokwa damu lita moja, presha 80 kwa 50, mapigo 130. Kondo limetoka lote, hana mchaniko, ila mji wa mimba bado mlaini hata baada ya oksitosini. Damu tumeshaomba."

Halafu nyamaza, usikilize. Rudia kila agizo kabla hajakata, uandike na saa. Asipopokea, piga tena mara moja, kisha mpigie anayemfuata kwenye ratiba. Heshima kwa mkubwa isikuzuie: mama anayetokwa damu hivi anaweza kufa ndani ya saa mbili.

Na sista mkongwe akikuambia, "Daktari, huyu mama hayuko sawa," nenda kamwone hata kama presha inasoma vizuri. Mwili wa mzazi kijana huficha dalili za damu kupotea kwa muda mrefu, kisha presha huanguka ghafla.

Nyumbani wananiuliza kwa nini nataka kurudi shule miaka mitatu nisomee uzazi na magonjwa ya wanawake, badala ya kutafuta kazi yenye usingizi. Ni kwa sababu kifo hiki kinazuilika, na anayekizuia mara nyingi ni mtu aliyekuwepo na aliyejua aanze na nini. Nataka niwe huyo anayepokea simu.

Mama akitulia, toka nje ukamwambie mumewe na mama mkwe wanaosubiri kwenye benchi. Kisha andika faili, kabla ya chai.