Kumulika fundo la telomia: anza na chumvi, taa baadaye

Mdogo wangu, kabla hujawasha taa ujue unamulika nini. Ncha za kromosomu zetu, telomia, zimejaa herufi za DNA TTAGGG zinazojirudia; T, A na G ni vijenzi vyake. Kipande cha herufi 22, yaani AGGG kisha TTAGGG mara tatu, hakikai kama ile ngazi iliyosokotwa ya DNA tunayoiona vitabuni. Hujikunja fundo: G hupangana nne nne, TTA zikabaki nje kama vitanzi. Kwa kawaida mwanga wa urujuanimno huunganisha T mbili zilizopakana. Kwenye fundo hata T zilizo mbalimbali hukutana. Mwaka 2009 kundi la John-Stephen Taylor wa Washington University, St. Louis, lilionyesha kwamba penye potasiamu, T za kitanzi cha kwanza hushikana kwa wingi na za kitanzi cha tatu. Penye sodiamu, hazikuonekana zikifanya hivyo.

Kwa hiyo kazi yote ni chumvi. Andaa mirija mitatu yenye kipande chako cha DNA na bafa ya Tris, kimiminika kinachozuia pH, yaani kiwango cha asidi, kuyumba: mmoja potasiamu kloraidi milimola 100, mwingine sodiamu, wa tatu lithiamu, ambayo haishikilii fundo. Rekebisha pH kwa asidi ya haidrokloriki. Mimi niliwahi kupandisha pH ya mrija wa sodiamu kwa potasiamu haidroksaidi, wiki mbili zikaenda na maji. Chemsha nyuzi 95 kwa dakika tano, zima mtambo, acha upoe wenyewe hadi asubuhi. Usiharakishe hapo.

Asubuhi hakikisha fundo lipo. Pasha taratibu ukisoma kwa spektrofotomita kiasi cha mwanga wa nanomita 295 kinachomezwa na sampuli: fundo likifumuka, usomaji hushuka, kinyume cha ngazi ya kawaida, ambayo kwenye 260 hupanda. Sampuli itie kwenye kikombe cha kupimia cha kwatsi. Kile cha kioo cha kawaida humeza mwanga huo, na mashine itakupa namba za ovyo bila haya.

Sasa taa. Meza ya kumulikia jeli ya nanomita 302 inatosha. Ya 254 iache, maana huunganisha T na papo hapo kuziachanisha. Mimina sampuli iwe tabaka jembamba kwenye sahani iliyo wazi juu ya barafu, kwa sababu joto la taa peke yake linaweza kulegeza fundo. Chota kidogo kila dakika 15. Sehemu moja izungushie foili, ikae barafu ileile gizani; bila hiyo huna cha kulinganisha.

Vaa ngao ya uso, na vuta glovu zipande juu ya mikono ya koti. Mimi niliacha ngozi wazi, upana wa vidole viwili, kwenye kifundo cha mkono. Jioni palikuwa pekundu kama pilipili.

Kujua T zipi zimeshikana kunahitaji spektromita ya masi, mashine ya kupima uzito wa molekuli. Kama huna, gandisha sampuli uzipeleke kwa mwenye nayo. Andika jina la chumvi kwa penseli kwenye utepe. Wino wa kalamu yangu ulifutwa na maji ya barafu, nikapeleka mirija mitatu isiyo na majina.