Kupiga Picha za Harusi Ndogo ya Majira ya Mapukutiko katika Klabu ya Gofu

Harusi yenye wageni ishirini au thelathini huonekana kuwa kazi nyepesi, na wapiga picha wengi huikubali wakidhani kwamba uchache wa watu utawapunguzia shughuli. Katika ukumbi wa watu mia tatu, hata hivyo, mpiga picha hujificha bila shida, ilhali katika chumba chenye meza tatu kila hatua yake husikika na kila kuinama kwake huonekana. Harusi hiyo inapofanyika katika majira ya mapukutiko, kwenye klabu ya gofu iliyo nje ya mji, huongezeka tatizo la pili: jua hutua mapema, na mandhari ambayo maharusi waliichagua kwa ajili ya picha humezwa na giza hata kabla chakula hakijapakuliwa.

Kwa hiyo anza na saa ya machweo. Itafute kwa tarehe yenyewe na mahali penyewe, kisha panga ratiba kwa kurudi nyuma kutoka hapo. Ikiwa jua linatua saa 11:50 jioni, kiapo kikianza saa 9:30 alasiri na kumalizika saa 10:00, utabaki na nusu saa ya pongezi, nusu saa ya picha za familia, na dakika arobaini hivi za maharusi peke yao katika mwanga ulio bora kuliko wote wa siku hiyo. Kumbuka kwamba saa inayotajwa ni ya jua kutua kwenye upeo ulio wazi. Mahali palipozungukwa na miti mirefu au vilima, mwanga wa moja kwa moja huweza kuondoka mapema zaidi. Kuna pia mtego wa kalenda. Sehemu kubwa ya Marekani na Kanada hurudisha saa nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, na nchi nyingi za Ulaya hufanya hivyo Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Mjini London, jua linalotua baada ya saa 11:30 jioni siku ya Jumamosi hutua baada ya saa 10:30 jioni kesho yake, na mratibu aliyepanga ratiba wakati wa kiangazi huenda hakulifikiria jambo hilo. Zungumza naye wiki kadhaa kabla, wakati kiapo bado kinaweza kusogezwa. Kikishindikana kusogezwa, waombe maharusi wakubali kuonana na kupigwa picha kabla ya kiapo, kwa kuwa flashi, hata iwe nzuri namna gani, haiwezi kuurudishia mti wa manjano rangi yake usiku.

Tembelea klabu kama wiki moja kabla, katika saa ileile utakayofanyia kazi. Majani hayakai na rangi kwa muda mrefu: klorofili, yaani kijani cha majani, ikishavunjika, manjano iliyofichwa chini yake hujitokeza, na upepo wa usiku mmoja huweza kuyaangusha mengi. Basi usitegemee mti mmoja mzuri. Chagua mahali patatu, na pamoja nao ukumbi wa nje wenye paa au dirisha kubwa la kukimbilia mvua ikinyesha. Muulize msimamizi wa klabu ni wapi mnaruhusiwa kukanyaga. Eneo la majani mafupi sana linalozunguka kishimo cha mpira hutunzwa kwa gharama kubwa, na viatu vyenye visigino virefu hulitoboa. Uliza kama wachezaji watakuwa uwanjani saa hiyo, maana mpira wa gofu huumiza, na uliza pia kama mtapata kigari cha kuwabeba maharusi hadi upande wa mbali. Wanachama wengine wa klabu hawakuja harusini, na wengi wao hawapendi kuingizwa katika picha za watu wasiowajua.

Rangi ndiyo sababu ya watu kuoana katika majira haya, na ndiyo inayoharibika kirahisi zaidi. Kamera inayojipangia yenyewe uwiano wa rangi nyeupe huuona wekundu na umanjano uliotanda kila mahali, ikaudhania kuwa kasoro ya mwanga, ikaupoza. Picha moja hutoka na majani ya dhahabu, nyingine iliyopigwa sekunde mbili baadaye hutoka na majani ya kijivu. Weka kiwango mwenyewe: Kelvini (kipimo cha rangi ya mwanga) 5,500 hadi 6,000 ni mwanzo mzuri kwa jua la alasiri, na kivulini utahitaji kupanda zaidi. Piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, ili uweze kusahihisha baadaye. Hata hivyo kuna kosa ambalo RAW hailiondoi vizuri, nalo ni rangi inayoakisiwa juu ya watu. Majani mabichi ya uwanjani hurusha ukijani chini ya kidevu na kwenye pindo la gauni jeupe, na mtu aliyesimama chini ya mti wa manjano hupata uso wa manjano upande mmoja na wa buluu ya anga upande wa pili. Dawa yake ni mahali pa kusimama. Watoe maharusi chini ya mti, wasogeze mbele hatua kadhaa hadi kwenye njia ya changarawe au sakafu ya mawe, na uache miti iwe nyuma yao. Jua likiwa nyuma ya majani, mwanga hupenya ndani yake na kuyafanya yang'ae. Likiwa mbele yake, hung'aa tu kwa juu na kuonekana makavu. Baada ya mvua, kichujio cha polaraiza hupunguza mng'ao wa maji juu ya majani na kurudisha rangi, ingawa hukugharimu kiasi cha stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), hivyo kivue jua linapozama.

Kwa vifaa, kamera mbili zinatosha: moja yenye lenzi ya milimita 35 na nyingine yenye milimita 85. Lenzi ndefu ya 70–200 inafaa kwa kiapo cha nje, lakini katika chumba kidogo ni mzigo. Linganisha saa za kamera zote mbili asubuhi ile, la sivyo mpangilio wa picha utavurugika utakapoziunganisha.

Wakati wa kiapo, chagua sehemu mbili tu za kusimama na uzifikie kwa kupita nyuma ya wageni. Kwa safu tatu za viti, mtu anayezungukazunguka huwa sehemu ya sherehe, na kila mgeni atamkumbuka. Tumia shata (sehemu inayodhibiti muda wa mwanga kuingia kamerani) ya kielektroniki isiyo na sauti ukiwa nje. Ndani, chini ya taa za LED, ijaribu kabla, kwa sababu baadhi ya taa hizo huacha mistari myeusi kwenye picha. Kasi ya shata isiwe chini ya 1/200 ya sekunde watu wanapotembea. Pima mwanga wa uso, usikubali gauni jeupe au suti nyeusi iamue, na uangalie histogramu, ile grafu ya mwanga wa picha, kuhakikisha kwamba nakshi za gauni hazijaungua kwa mwanga mwingi. Faida kubwa ya harusi ndogo iko hapa: unaweza kuwajua wote kwa majina kabla hawajaketi. Ukijua kwamba yule aliye safu ya kwanza ndiye bibi aliyemlea bibi harusi, utajua pia ni uso wa nani wa kuulenga pete inapovalishwa.

Picha za familia zifanye haraka, kwa orodha uliyokubaliana na maharusi, ukianza na kundi kubwa na kuwaruhusu wazee na watoto wakapate joto mapema. Ungependa muda zaidi, lakini baridi haikupi.

Wapeleke maharusi peke yao dakika arobaini kabla ya machweo. Watembee, wazungumze, na wewe ubaki mbali kidogo. Koti au shali iliyotupwa mabegani haiharibu picha, bali huonyesha majira. Jua likiwa nyuma yao, funika lenzi kwa kingajua, pima mwanga wa nyuso na uache anga ipoteze rangi kidogo. Usiondoke jua linapozama, kwa sababu dakika kumi na tano zinazofuata huwa na mwanga laini usio na vivuli vikali, na madirisha ya klabu yaliyowashwa taa huonekana vizuri dhidi ya anga ya buluu.

Ndani kuna changamoto nyingine. Vyumba vingi vya klabu za aina hii vina kuta za mbao, na flashi ukiielekeza ukutani hurudi ikiwa ya kahawia. Ielekeze kwenye dari jeupe, au iache kabisa na upandishe ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 3,200 au 6,400. Chembechembe kidogo katika picha husameheka kuliko kuua mwanga wa mishumaa. Ukilazimika kuitumia, ivalishe kichujio cha rangi ya chungwa ili ilingane na taa za chumba.

Baridi hupunguza nguvu ya betri, kwa hiyo weka za akiba katika mfuko wa ndani ulio karibu na mwili. Ukitoka nje kuingia chumba chenye joto, unyevu hutanda juu ya lenzi iliyopoa. Iache kamera ndani ya mkoba uliofungwa kwa muda ipate joto polepole, na uwe na kamera ya pili ambayo haikutoka nje. Kabla keki haijakatwa, pitia kimyakimya orodha ya wageni na umtafute yeyote ambaye bado hujampiga, kwa kuwa katika harusi ya watu ishirini na tano anayekosekana hutambuliwa mara moja. Kadi za kumbukumbu usizifute hadi uwe na nakala tatu, moja ikiwa imehifadhiwa mbali na nyumba yako.