Si kidole tu: kujiandaa kwa upasuaji wa mguu ukiwa umeshapasuliwa tumbo

Mdogo wangu amepangiwa upasuaji wa kidole gumba cha mguu, kile kilichopinda kikaota nundu pembeni. Alinipigia simu akicheka. "Dada, mimi nimepasuliwa tumbo mara mbili nikatoa watoto. Hiki si kidole tu?" Nikanyamaza kidogo, maana hayo ndiyo maneno niliyoyasema mimi, miaka minne baada ya kutolewa kizazi, nilipokuwa naenda kufanyiwa mguu. Usiku wa kwanza wa hicho "kidole tu" nililitamani tumbo langu.

Yafuatayo ni niliyomwambia, na mengine niliyoyakumbuka baada ya kukata simu. Yatamfaa pia aliye upande wa pili, aliyepona mguu na sasa anasubiri tumbo. Daktari wako akikupa sharti tofauti na langu, lishike lake. Yeye ndiye aliyeona ndani.

Kwa nini kidogo huuma kuliko kikubwa

Mwaka 2013 watafiti wa Ujerumani walitoa matokeo ya wagonjwa zaidi ya 50,000 wa hospitali 105, walioulizwa maumivu yao yalifika wapi siku ya kwanza baada ya upasuaji, kwa kipimo cha 0 hadi 10. Aina 179 za upasuaji zililinganishwa. Kati ya 40 zilizouma zaidi, 22 zilikuwa za mifupa na viungo vya mikono na miguu, na kuunga mfupa wa kisigino uliovunjika kulikuwa juu kabisa. Pasua nyingi kubwa za tumbo zilikaa chini ya pale ambapo mtu angezitarajia.

Sababu moja ni mwili wenyewe. Unyayo mmoja una mifupa 26 iliyobanana chini ya ngozi isiyo na nafasi. Mfupa umekatwa, umesogezwa, umetiwa skrubu, kisha uvimbe unakuja na hauna pa kwenda. Juu ya hayo mguu uko chini ya moyo, kwa hiyo kila ukiushusha damu inaujaa na unadunda kama ngoma. Tumbo ni laini, lina pa kutanukia. Na utumbo, ajabu yake, hausikii kisu. Unachosikia ni kuvutwa na kujaa. Maumivu mengi ya tumbo lililopasuliwa hutoka kwenye ukuta wake, yaani ngozi na misuli.

Sababu ya pili haihusu mwili. Nilipotolewa kizazi nililazwa siku nne. Nilikuwa na mrija mwembamba mgongoni uliopeleka dawa ya ganzi usiku na mchana, na muuguzi alipita kila baada ya saa chache. Nilipofanyiwa mguu nilirudi nyumbani jioni ileile na pakiti mbili za vidonge. Mkubwa hulindwa, mdogo huachiwa ajilinde.

Usiku ganzi inapoisha

Kama utashika jambo moja tu, shika hili. Kwa mguu, daktari wa ganzi huchoma sindano kwenye neva za kifundo au nyuma ya goti, na mguu unakufa ganzi kwa saa 12 hadi 24, wakati mwingine zaidi. Unarudi nyumbani huna maumivu hata chembe. Unajiona shujaa. Mimi niliviweka vidonge kwenye droo, nikasema mwili wangu umezoea visu, nikalala.

Saa nane usiku ganzi ikaisha, haikuaga. Nilinyanyuka kitandani kama niliyemwagiwa maji ya moto. Na vidonge vya kumeza huchukua nusu saa hadi saa nzima kufanya kazi, kwa hiyo ile saa nzima nilikuwa peke yangu na mguu wangu.

Basi fanya hivi. Kabla hujatoka hospitali uliza ganzi inatarajiwa kuisha saa ngapi. Anza dawa zako mapema, ganzi ikiwa bado ipo, na siku mbili tatu za mwanzo zimeze kwa saa zilizoandikwa hata kama huumwi. Weka kengele ya usiku. Parasetamoli kwa mtu mzima mwenye afya haizidi gramu 4 kwa saa 24, na soma pakiti zote, kwa sababu dawa nyingine za maumivu tayari zina parasetamoli ndani na unaweza kuimeza mara mbili bila kujua. Dawa za jamii ya ibuprofeni usizianze mwenyewe kama una vidonda vya tumbo au figo zako si nzuri. Na mguu ukiwa na ganzi usiukanyage wala usiuwekee barafu. Hauwezi kukuambia kwamba umeumia.

Pima maumivu mara mbili

Kila wanaponiuliza "ngapi kwa kumi?" mimi huuliza: nikiwa nimefanya nini? Kwenye daftari nilikuwa na safu mbili, moja ya kutulia na moja ya kujaribiwa. Tumbo hujaribiwa kwa kukohoa, mguu kwa kuushusha chini ya kitanda kwa dakika moja.

Tumbo, usiku wa kwanza: kutulia 4, kukohoa 8. Mguu, usiku wa kwanza: kutulia 9, na huko kushusha sikuthubutu. Siku ya kumi tumbo lilikuwa 2 na 4. Mguu 2 na 6. Utaona mwenyewe tofauti yao. Tumbo likitulizwa hutulia, likiguswa hufoka, na wewe hulitumia kwa kila kitu: kucheka, kupiga chafya, kujigeuza, kupangusa. Mguu huwaka hata ukiwa umelala. Ila ukiuinua juu ukaupa dawa unakuachia mwili uliobaki, unaweza kusoma, kucheka, kula. Nilipopasuliwa tumbo sikuweza kufuatilia hata habari ya dakika tano.

Hizo namba mbili pia ndizo zilizomsaidia daktari wangu. Ukimwambia "nikitulia 2, nikikohoa 8" anajua kwamba dawa inafanya kazi ila haitoshi kukuwezesha kupumua kwa kina.

Masharti yao hupingana

Hapa ndipo nilipoharibu. Tumbo lilinifundisha kutembea. Siku ya kwanza tu walinisimamisha, na kweli, kila hatua ilinisaidia: mapafu yanafunguka, damu haigandi miguuni, utumbo unaamka. Muuguzi alikuwa akija kila asubuhi na swali moja, "Mama, upepo umetoka?" Ulipotoka siku ya tatu nilitangaza kama nimefaulu mtihani.

Kwa hiyo siku ya pili ya mguu nikatembea. Jikoni, sebuleni, kurudi. Kufika jioni vidole vilikuwa vimevimba vinang'aa, damu imepenya bendeji, na maumivu yamerudi 8. Daktari hakunikaripia, aliuliza tu: "Nani alikuambia utembee?" Tumbo ndilo lililoniambia.

Mwenzangu mmoja kazini alikosea kinyume chake. Alikuwa ameshapona kifundo kwa kulala, alipopasuliwa utumbo akalala vilevile, hakohoi kwa kuogopa mshono. Akapata nimonia.

Kwa mguu, wiki mbili za kwanza kazi yako ni kuuinua. Karibu dakika 50 za kila saa uwe juu ya usawa wa moyo. Kuupumzisha kwenye kigoda huku umekaa hakutoshi. Lala chali, panga mito mitatu kuanzia paja hadi kigimbi, kisigino kining'inie bila kugusa, halafu tazama: vidole viko juu ya pua yako? Basi hapo. Ganzi ikishaisha, barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, dakika 15 hadi 20 nyuma ya goti au juu ya bendeji. Damu nayo isilale: kunja na kunyoosha goti mara nyingi kwa siku, na vidole uvicheze kama umeruhusiwa.

Ukienda chooni, nenda kwa magongo, ukanyage kama ulivyoelekezwa, wengi huruhusiwa kisigino tu ndani ya kile kiatu kigumu cha hospitali. Kwenye ngazi, mguu mzima hupanda kwanza, mguu mgonjwa hushuka kwanza. Jizoeze magongo kabla ya upasuaji. Mimi nilijifunza nikiwa na usingizi wa dawa, na ukuta wa korido bado una alama. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia: mikono yote miwili inashikwa na magongo, kwa hiyo huwezi kubeba hata kikombe. Tafuta mfuko wa kuvaa begani na chupa yenye kifuniko. Andaa kigoda cha kuogea na mfuko wa plastiki wa kufunika bendeji.

Kwa tumbo, mto mmoja unatosha, na kazi yake ni nyingine. Ukumbatie juu ya mshono kila unapokohoa au kucheka. Vuta pumzi ndefu kumi kila saa uliyo macho. Usiinuke kitandani kwa kifua: kunja magoti, geuka upande mwili mzima kama gogo, shusha miguu, kisha jisukume kwa mikono. Choo ndicho kitakachokutesa, kwa sababu dawa kali za maumivu hufunga utumbo. Anza dawa ya kulainisha mapema, kunywa maji, na weka kigoda chini ya miguu ukiwa chooni ili usijikamue. Walioingizwa kamera kwa matundu madogo wasishtuke bega likiuma. Ni gesi waliyopuliziwa tumboni inaisumbua misuli ya chini ya mapafu, na huisha kwa siku chache.

Kupona kunakodanganya

Tumbo hudanganya kwa kuonekana limepona. Wiki ya tatu ngozi ilikuwa imefunga vizuri na maumivu yameisha, nami nikioga nilihitaji kulala saa moja. Chini ya ngozi ule utando mgumu unaoshika misuli huchukua miezi kurudisha nguvu, ndiyo maana unakatazwa kubeba zaidi ya kilo 4 au 5 kwa takriban wiki sita. Ukikaidi, unajitafutia ngiri kwenye mshono. Mtoto anayetaka kubebwa, mwambie apande kitini ulipo akae nawe.

Mguu hudanganya kinyume: unaonekana umeharibika wakati unapona. Nyuzi zilitoka baada ya wiki mbili, mfupa ulihitaji wiki sita hadi kumi na mbili kushika, lakini uvimbe wa jioni ulinifuata kwa miezi. Kuvimba hadi miezi sita, hata mwaka, ni kawaida. Kuendesha gari kwa mguu wa kulia usikufikirie kabla ya wiki sita, na hata hapo jaribu kwanza kukanyaga breki kwa ghafla gari likiwa limesimama. Kama unavuta sigara, acha kabla. Mfupa na kidonda vyote hupona polepole kwa mvutaji.

Usingoje asubuhi

Kwa upasuaji wowote, wa tumbo au wa mguu: kigimbi kikivimba na kuuma, ukiishiwa pumzi ghafla au kifua kikichoma, nenda hospitali sasa hivi, damu inaweza kuwa imeganda. Joto la 38 au zaidi, usaha, au wekundu unaotambaa, piga simu siku hiyohiyo. Kwa tumbo ongeza: kutapika, tumbo kujaa na upepo kukoma, mshono kuachia. Kwa mguu: vidole kupauka au kuwa vya bluu, au maumivu yanayozidi hata baada ya dawa na kuuinua. Bendeji inaweza kuwa imebana sana.

Mdogo wangu aliuliza mwishoni anunue viatu gani. Nilimwambia asinunue. Mimi nilinunua jozi wiki ya tisa, kwa furaha, namba yangu ileile. Mguu uliopasuliwa haukuingia. Viatu vilikaa ndani ya boksi hadi mwezi wa nane baada ya upasuaji, na hata siku hiyo ya kwanza nilivivaa asubuhi tu. Kufika saa kumi jioni cha kulia nilikuwa nimekishika mkononi.