Kabla ya kupulizia msonobari, inua gamba uone kilichomo

Mkulima anayekuta sindano za msonobari wake zimejaa vidoa vyeupe, kana kwamba zimerushiwa chokaa, kwa kawaida hukimbilia bomba la dawa. Ninamsihi asubiri kidogo. Vidoa hivyo ni wadudu gamba wanaofyonza utomvu, na mara nyingi dawa inayopuliziwa ovyo ndiyo inayogeuza shida ndogo kuwa kubwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko mwingine ninaoufahamu unatoka mji wa South Lake Tahoe, jimbo la California, nchini Marekani. Katika miaka ya 1960 mji huo ulikuwa ukifukiziwa malathioni wakati wa kiangazi ili kuua mbu, na misonobari iliyokuwa ndani ya eneo la ufukizaji ikaelemewa na wadudu gamba wa sindano. Ufukizaji uliposimamishwa, wadudu hao walipungua wenyewe katika miaka michache iliyofuata, bila mtu kuwapulizia chochote. Watafiti Robert Luck na Donald Dahlsten, waliofuatilia jambo hilo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1975, walionyesha kwamba kilichowapunguza ni kurejea kwa mbawakawa na nyigu wadogo waliokuwa wakiangamizwa na ule ukungu wa dawa uliokusudiwa mbu.

Sababu yake hueleweka mtu akimtazama mdudu gamba kwa karibu. Jike ana urefu wa milimita tatu hivi, hana miguu, na hukaa mahali pamoja chini ya ngao ya nta ambayo dawa haipenyi kwa urahisi. Chini ya ngao hiyo hiyo hutaga mayai yake, kisha hufa, na ngao inabaki kuyafunika. Wanaotembea ni tunutu wachanga tu, wekundu na wadogo mno, nao hufanya hivyo kwa muda mfupi kabla ya kutulia na kuanza kujijengea ngao zao. Adui zake, kwa upande mwingine, hutembea juu ya sindano kutwa nzima wakitafuta chakula, kwa hiyo hata kiasi kidogo cha sumu kilichotua hapo huwapata wao kabla ya kumpata mwenye ngao.

Adui hao yafaa kuwatambua kwa sura. Mbawakawa wa jenasi ya Chilocorus anayewinda wadudu gamba huko Amerika ya Kaskazini ni mviringo, mweusi wa kung'aa, na ana doa moja jekundu kwenye kila bawa gumu. Jamaa zake wa jenasi hiyo wako Afrika pia. Mabuu yake yana miiba mwilini na hayafanani hata kidogo na mzazi, jambo linalonisikitisha, kwa sababu watu wengi huyaponda wakidhani ndiyo yanayoharibu mti. Nyigu vimelea ni wadogo kiasi kwamba utaona kazi yao kabla ya kuwaona wenyewe. Chukua pini na lenzi ya mkono, kisha inua magamba kadhaa kutoka matawi mbalimbali. Tundu la mviringo lililo safi juu ya gamba huonyesha kwamba nyigu amekulia humo na kutoka. Gamba lililotafunwa kingo ni alama ya mbawakawa. Ukikuta alama hizo kwenye magamba mengi, weka bomba chini.

Sisi wa Afrika Mashariki tumepata somo la namna hiyo kwa ndugu wa wadudu gamba, yaani vidukari. Kidukari wa msaipresi, aliyeonekana Malawi mwaka 1986 na kufika Kenya mwaka 1990, alikausha nyua na mashamba ya miti hiyo kwa kasi ya kutisha. Nyigu aitwaye Pauesia juniperorum, aliyeletwa kutoka Ulaya, aliachiliwa Malawi mwaka 1994 na baadaye Kenya ili kumdhibiti. Mwenye ua wa misaipresi anayeupulizia kiuadudu kikali kila msimu humuua nyigu huyo pamoja na kidukari, na kidukari ndiye anayetangulia kurudi.

Basi kagua miti yako mara kwa mara, hasa iliyo kando ya barabara ya vumbi, kwa kuwa vumbi huwasumbua nyigu na mbawakawa kuliko linavyowasumbua wafyonzaji. Usizidishe mbolea ya naitrojeni. Ukiona sisimizi wakipanda kwa mstari kwenye shina, wafuate hadi juu, kwani huenda wanawalinda vidukari kwa ajili ya umande mtamu ambao vidukari hao huutoa. Ikibidi kabisa kutumia dawa dhidi ya gamba, zungushia tawi utepe wenye gundi, usubiri hadi tunutu wekundu waanze kunasa, kisha tumia mafuta ya kilimo yaliyoidhinishwa kwa aina ya mti wako, kwenye miti iliyoathirika tu. Matawi yaliyozidiwa yakate, lakini usiyachome siku hiyo hiyo: yalaze mbali kidogo na miti kwa siku kadhaa, ili nyigu waliomo ndani ya magamba wapate kutoka.