Kupima sumu ya mwani wa bluu-kijani kwa viroboto maji

Bwawa la perege likishavaa utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, mfugaji wa Kigamboni ananiuliza swali moja: maji haya yana sumu? Kwa macho huwezi kujua. Viroboto maji watakuambia. Ni jamaa wa kamba, wadogo kuliko punje ya mchele, na hula kwa kuchuja maji, kwa hiyo kilichomo majini kinawapitia. Wenzetu wa nchi za baridi hutumia aina iitwayo Dafinia kwenye nyuzi 20. Kwa joto la Dar mimi nafuga aina nyingine, Moina.

Hatua ya 1. Maji ya bomba yaache kwenye ndoo wazi siku nzima, klorini itoke. Walishe Moina hamira, punje chache tu zilizokorogwa. Ikizidi, maji yananuka na wote wanakufa.

Hatua ya 2. Vaa glavu, chota upande ambao upepo umesukumia utando. Usichemshe: moto hauiharibu mikrosistini, sumu ya mwani huu, unapasua seli za mwani tu na kuimwaga majini.

Hatua ya 3. Hapa usiharakishe. Sumu nyingi hukaa ndani ya seli hadi seli ife, kwa hiyo tenga mafungu manne:

A – maji ya bwawa, yachujwe tu.
B – maji ya bwawa, yagandishwe na kuyeyushwa mara tatu seli zipasuke, ndipo yachujwe. Friza iwe ya maabara, si ya kitoweo.
C – maji safi ya kufugia.
D – klorela, mwani usio na sumu, uliogandishwa na kuchujwa kama B.

Wengi wanairuka D. Nami niliwahi kuiruka. Moina wakafa, nikamwambia mfugaji bwawa lina sumu. Niliporudia nikiwa na D, wa D nao wakafa vilevile. Uozo wa seli ulikuwa umemaliza oksijeni. Nilirudi kwake kumwomba radhi. Tangu hapo napuliza hewa kwenye B na D kabla ya kuanza.

Hatua ya 4. Kila fungu vikombe vinne, kila kikombe watoto watano wasiozidi saa 24 tangu kuzaliwa. Wahamishe kwa pipeti ya mdomo mpana, ncha ikiwa ndani ya maji. Wakinasa hewa chini ya gamba wanaelea juu na kukwama. Usiwalishe.

Hatua ya 5. Hesabu baada ya saa 24 na 48. Tikisa kikombe taratibu. Asiyeogelea ndani ya sekunde 15 amelemaa. Mmoja muweke chini ya hadubini: mwili wake unapenya mwanga, utaona moyo ukidunda mgongoni na miguu ya kuchujia ikipiga. Wa C waliolemaa wakizidi asilimia 10, mwaga, anza upya.

A, C na D wakiwa hai na B wamelemaa, dalili ni kwamba sumu bado imefungwa ndani ya seli. Mpigie mfugaji siku hiyohiyo: asimwage mrututu (salfeti ya shaba). Utaua mwani, lakini seli zote zitapasuka kwa pamoja na perege wake wamo humo.