Mtoto Wako Mtu Mzima Mwenye Ulemavu Akikatiwa Medicaid: Namna ya Kukata Rufaa Nchini Marekani

Ukipokea barua inayosema kwamba Medicaid ya mwanao, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wa kipato kidogo na wenye ulemavu, itafungwa, tafuta tarehe mbili kabla hujasoma kitu kingine chochote: tarehe ambayo barua iliandikwa, na tarehe ambayo uamuzi utaanza kutekelezwa. Bahasha nayo usiitupe, kwa kuwa muhuri wa posta unaweza kuwa ushahidi wako wa pekee kwamba barua ilichelewa kutumwa.

Ofisi inapotaka kufunga au kupunguza huduma ambazo mtu tayari anazipata, kanuni za shirikisho kwa kawaida huitaka itume barua angalau siku 10 kabla ya kutekeleza uamuzi, na barua hiyo lazima ieleze sababu na kutaja kanuni iliyotumika. Siku hizo 10 ni za thamani kubwa mno. Ukikata rufaa kabla ya tarehe ya utekelezaji, na kuomba wazi kwamba huduma ziendelee, ofisi inapaswa kuendelea kuzitoa mpaka shauri liamuliwe. Ukichelewa, rufaa bado inaweza kusikilizwa, lakini mwanao anaweza kukaa miezi bila dawa, bila mhudumu wa nyumbani na bila usafiri wa kwenda kliniki. Muda wa mwisho wa kukata rufaa yenyewe hutofautiana kati ya jimbo na jimbo. Kanuni za shirikisho haziruhusu uzidi siku 90 tangu barua ilipotumwa, na majimbo mengine yameweka muda mfupi zaidi, kwa hiyo fuata ulioandikwa kwenye barua yako. Ni haki kueleza pia kwamba ukishindwa, jimbo linaweza kudai gharama za huduma zilizotolewa wakati wa kusubiri. Wazazi wengi huogopa sentensi hiyo na kuacha kuomba huduma ziendelee. Kwa mtu anayetegemea dawa za kifafa au mashine ya kupumulia, naona hatari ya kukatiwa huduma ni kubwa kuliko hatari ya deni, hasa pale ambapo hoja yenu ni nzuri.

Rufaa iandikwe. Simu haiachi alama, na mzazi anayesema kwamba aliongea na bibi mmoja pale ofisini hana cha kuonyesha mbele ya mwamuzi. Barua ya sentensi tatu inatosha: jina la mwanao na namba ya shauri, maneno kwamba hukubaliani na uamuzi wa tarehe fulani na unaomba kusikilizwa, na ombi kwamba huduma ziendelee hadi uamuzi utoke. Itume kwa faksi na uhifadhi karatasi ya uthibitisho, au uipeleke mwenyewe ofisini ukiwa na nakala ya pili na kuomba ipigwe muhuri wa tarehe.

Kuna kikwazo kinachowaumiza wazazi wetu kutoka Kongo kuliko wageni wengine, kwa sababu kwetu mtoto mgonjwa hubaki mikononi mwa mzazi hata akiwa na miaka 30. Huko Marekani, mtoto akifikisha miaka 18 ni mtu mzima mbele ya sheria, na mama aliyembeba mgongoni kutoka Kivu hadi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, hawezi kuzungumza kwa niaba yake kwa sababu tu ni mama. Ikiwa mwanao anaelewa na anaweza kutia saini, ajaze fomu ya ofisi ya Medicaid ya kukuteua kuwa mwakilishi wake. Ikiwa hawezi kabisa, tafuta wakili wa msaada wa kisheria akueleze kuhusu ulezi wa mahakama na njia nyingine nyepesi zaidi. Kuteuliwa na ofisi ya Hifadhi ya Jamii, ile ambayo watu huiita Social Security, kupokea hundi ya mwanao hakukupi moja kwa moja mamlaka ya kumwakilisha katika Medicaid. Ofisi hizo ni mbili tofauti.

Sasa soma sababu. Ikiwa wanasema karatasi fulani haikufika, ipeleke haraka na ukate rufaa vilevile, usisubiri kuona kama wataipokea. Ikiwa wanasema kipato kimezidi, tulia, kwa kuwa hapo ndipo makosa mengi ya ofisi yanapojificha.

Chukua familia ya namna hii. Baba amefanya kazi miaka mingi kwenye kiwanda cha nyama, na binti yake mwenye ulemavu tangu utotoni anapokea SSI, yaani posho ya kila mwezi ya Hifadhi ya Jamii kwa wenye ulemavu na wazee wa kipato kidogo, ambayo katika majimbo mengi huambatana na Medicaid. Baba anastaafu kwa pensheni ya Hifadhi ya Jamii ya dola 2,400 kwa mwezi. Kuanzia hapo binti anastahili mafao kutokana na michango ya baba yake, yale ambayo maofisa huyaita kwa herufi tatu, DAC (Disabled Adult Child, mtoto mtu mzima mwenye ulemavu), kwa kuwa ana zaidi ya miaka 18 na ulemavu wake ulianza kabla hajatimiza miaka 22. Mafao hayo yanaweza kufikia nusu ya stahili ya mzazi aliye hai, au robo tatu ikiwa mzazi amefariki. Binti anaanza kupata dola 1,200. Kiwango cha juu cha SSI ya shirikisho kwa mtu mmoja mwaka 2026 ni dola 994, kwa hiyo SSI inasimama, kompyuta ya jimbo inaona kwamba SSI imesimama na kipato kimepita kikomo, na barua ya kufunga Medicaid inatoka. Familia inaamini kwamba kustaafu kwa baba ndiko kulikomponza binti.

Sheria inasema kinyume. Kifungu cha 1634(c) cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii, kinachowahusu waliopoteza SSI kuanzia tarehe 1 Julai 1987, kinalitaka jimbo limhesabu mtu wa aina hiyo kana kwamba bado anapokea SSI, mradi kilichomwondoa ni kuanza au kuongezeka kwa mafao ya DAC, na mradi bila mafao hayo angeendelea kustahili. Andika namba ya kifungu hicho kwenye barua yako ya rufaa. Ambatanisha barua ya Hifadhi ya Jamii inayoonyesha kuanza kwa mafao ya DAC, barua inayoonyesha kwamba SSI ilisimama kwa sababu hiyo, na taarifa ya benki, kwa maana kikomo cha mali cha SSI bado kinamhusu, nacho ni dola 2,000 kwa mtu mmoja. Akiba ikikaribia kiasi hicho, uliza kuhusu akaunti ya ABLE, akaunti maalumu ya akiba kwa watu wenye ulemavu, ambayo dola 100,000 za kwanza ndani yake hazihesabiwi katika SSI.

Hata kama habari ya DAC haimhusu mwanao, hoja pana zaidi inabaki. Kabla ya kumfungia mtu Medicaid, jimbo linatakiwa kuangalia kama anastahili kwa njia nyingine yoyote, si ile moja tu iliyokwisha. Omba kwa maandishi uelezwe ni makundi gani yaliyochunguzwa. Una haki pia ya kusoma faili lote la mwanao kabla ya kikao, na nakushauri uitumie, kwa kuwa mara nyingine ndani ya faili mnakutwa ile karatasi waliyosema haikufika.

Ikiwa kilichokatwa ni huduma na si uanachama wenyewe, kwa mfano saa za mhudumu zimepunguzwa, angalia umri kwanza. Kabla ya miaka 21 Medicaid inawajibika kugharamia huduma nyingi zaidi za lazima kitabibu, na baada ya hapo wigo hupungua na kutegemea mipango ya jimbo. Hapa barua ya daktari ndiyo silaha. Barua inayosema mgonjwa anahitaji msaada haifai kitu. Mwombe aandike nini hutokea mhudumu asipokuwepo, mara ngapi kwa siku mgonjwa hugeuzwa au kulishwa, na alilazwa lini kwa sababu ya kukosa uangalizi. Ikiwa huduma zinasimamiwa na kampuni ya bima kwa niaba ya jimbo, rufaa ya kwanza huenda kwa kampuni hiyo ndani ya siku 60, ila ombi la kuendelea na huduma lina muda mfupi, kwa kawaida siku 10. Ukishindwa hapo ndipo unapokwenda kwenye kikao cha jimbo. Hali ikiwa ya hatari, omba rufaa ya haraka, ambayo kampuni inapaswa kuiamua ndani ya saa 72.

Kikao mara nyingi hufanyika kwa simu. Omba mkalimani mapema na utaje kama ni Kiswahili cha Kongo, kwa kuwa mkalimani wa Mombasa na mzazi wa Bukavu wanaweza kupotezana katika maneno ya hospitali. Mkalimani ni wa bure. Usimtumie kijana wako wa shule: anaweza kutafsiri, lakini si haki kumbebesha shauri la ndugu yake. Kila jimbo lina shirika la kutetea haki za watu wenye ulemavu lililowekwa kwa sheria ya shirikisho, pamoja na ofisi za msaada wa kisheria bila malipo. Wapigie siku ileile barua inapofika.

Wakati wa kusubiri, weka kila risiti ya dawa na kila bili kwenye bahasha moja. Mwamuzi akiwapa ushindi, jimbo linatakiwa kurekebisha kosa kuanzia siku lilipotendeka, kwa hiyo peleka nakala ya uamuzi kwa duka la dawa na hospitali, uwaombe watume madai yao upya kwa Medicaid, na uliandikie jimbo likurudishie ulichokwisha kulipa.