SOMO: Kutembea peke yako ufuoni Dunga, Kisumu, bila kugongana na kiboko

Wiki hii nimeulizwa mara sita, basi naandika mara moja.

1. Panda boda kutoka mjini hadi Dunga. Patana bei kwanza.

2. Maji lita mbili, kofia, viatu vya kufunga.

3. Waage wavuvi, uwaambie unaelekea wapi na utarudi saa ngapi.

4. Saa ya kuanza. Hapa ndipo nilipoharibu. Kiboko hula nyasi nchi kavu usiku, alfajiri anarudi majini. Mimi na ujuaji wangu nilifika saa kumi na mbili kasoro, giza bado. Nikaona kijia safi kimepasua mafunjo, nikadhani ni cha wavuvi. Hatua kama ishirini ndani, nikakuta kinyesi cha majani kimetapakaa kwenye mabua hadi usawa wa kiuno, kinafuka mvuke. Kiboko hukirusha kwa mkia. Chini, nyayo za vidole vinne, maji ndiyo kwanza yanajaa ndani yake. Nilitoka kinyumenyume.

Kwa hiyo: anza saa moja na nusu, saa kumi jioni uwe umeshatoka. Kijia kinachoshuka majini ndani ya mafunjo si chako. USISIMAME kati ya kiboko na maji. Ukimwona nchi kavu, acha simu mfukoni, sogea pembeni mapema, mwachie njia.

5. Usivue viatu ukakanyaga maji. Kichocho.

MASWALI

– Nikifika saa kumi na moja alfajiri nipige picha za jua?
– Namba 4.

– Unatisha watu bure. Binamu yangu anavua hapo miaka yote.
– Binamu yako ana mtumbwi na wenzake. Wewe una miguu miwili. Na wavuvi nao hujeruhiwa, muulize.

– Kaka, nilisikia ndege ndani ya mafunjo, mmoja anaita, mwenzake anadakia papo hapo. Niliona kifua chekundu tu.
– Una bahati, dada! Kitaalamu ni Laniarius mufumbiri: mgongo mweusi, utosi wa manjano. Makao yake ni mafunjo, yakifyekwa hana pa kwenda. Simama ukingoni kimya, usimfuate ndani. Akinyamaza, subiri, atajitokeza juu ya bua.

– Na samaki?
– Ukirudi. Ukishashiba ngege na ugali hutembei tena. Ila agiza kabla ya kuondoka, utaje saa. Ukichelewa, mwenye samaki ndiye atakayekuwa wa kwanza kukutafuta.